Haki ya Jinai ya Kimataifa Kupitia Mahakama Zetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Ukurasa huu ni kwa mawakili, wasaidizi wa kisheria, wanafunzi wa sheria, wanahabari na wananchi wa Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na Ruvuma wanaotaka kuelewa jinsi jumuiya kama SADC na Jumuiya ya Afrika Mashariki zinavyoweza kuzisaidia mahakama za nchi kushughulikia mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu. Majibu haya ni ya jumla. Mwenye shauri mkononi amwone wakili.

Makosa haya si kazi ya mahakama ya The Hague? Jumuiya za kanda zinaingiaje?

Mkataba wa Roma, ambao ndio ulioiunda ICC, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague, ulipitishwa tarehe 17 Julai 1998 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2002. Mkataba huo wenyewe unasema mahakama hiyo ni ya kujaziliza. Kwa mujibu wa kifungu cha 17, ICC haipokei kesi ambayo nchi yenye mamlaka inaichunguza au kuiendesha kwa dhati, isipokuwa nchi hiyo haitaki au haiwezi. Kwa hiyo mwenye zamu ya kwanza ni mpelelezi, mwendesha mashtaka na jaji wa nchi husika.

Neno la kuangalia hapo ni "haiwezi". Nchi inaweza kuwa na nia njema kabisa na bado ikashindwa kwa sababu shahidi yuko nchi jirani, mtuhumiwa amevuka mpaka, nyaraka ziko kwa lugha nyingine, au hakuna mtu aliyewahi kuandaa hati ya mashtaka ya namna hiyo. Karibu kila kikwazo kati ya hivyo kinahusu mipaka, na mambo ya mipaka ndiyo sababu jumuiya za kanda zipo.

Makosa yenyewe ni yapi?

Ni manne: mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu, uhalifu wa kivita na uhalifu wa uchokozi, yaani nchi kuivamia nyingine. Mateso na kupoteza watu huingia kwenye uhalifu dhidi ya binadamu pale yanapokuwa sehemu ya shambulio lililoenea au lililopangwa dhidi ya raia, na mtendaji akawa analijua shambulio hilo.

Mtu wa Iringa au Mbeya yanamhusu nini haya?

Tuanze na jiografia. Lori linalopakia Dar es Salaam kwenda Lubumbashi linapita Iringa, Makambako, Mbeya na Tunduma kabla ya kuingia Nakonde. Barabara hiyo inapitisha shaba na mafuta, na pia inapitisha watu: wanaokimbia vita na wanaokimbia mkono wa sheria. Ukishuka Kyela hadi Kasumulu uko Malawi. Songea inakuelekeza Msumbiji. Tanzania imo katika SADC na katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa pamoja, kama ilivyo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mikoa hii ndiyo inayozigusa nchi za kusini.

Kuna na historia. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 227, ulitaka Kaisari wa Ujerumani ashtakiwe mbele ya mahakama maalumu ya kimataifa. Mkataba huo huo, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi 6. Kaisari hakushtakiwa, kwa kuwa Uholanzi ilikataa kumtoa. Fuvu lilifika Kalenga mwaka 1954. Yote mawili yaliandikwa vizuri kwenye karatasi, ila hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuyatekeleza wala njia ya kuibana nchi iliyogoma. Itifaki nyingi za kanda zina upungufu huo hadi leo.

Je, Mahakama Kuu iliyoketi Mbeya inaweza leo kusikiliza shtaka la uhalifu dhidi ya binadamu?

Kwa jina hilo, hapana. Tanzania iliridhia Mkataba wa Roma tarehe 20 Agosti 2002, lakini kwetu mkataba ulioridhiwa haufanyi kazi mahakamani mpaka Bunge litunge sheria ya kuuingiza, na sheria mahsusi ya kuuingiza Mkataba wa Roma bado haijatungwa. Jaji hawezi kumtia mtu hatiani kwa kosa ambalo halimo katika sheria za nchi. Katiba, Ibara ya 13(6)(c), inamkataza.

Kenya ilitunga Sheria ya Makosa ya Kimataifa mwaka 2008, Uganda ikatunga yake mwaka 2010, na Afrika Kusini ilitangulia mwaka 2002. Hapa ndipo jumuiya inapoweza kusaidia kwa gharama ndogo kuliko zote: kuandaa sheria ya mfano na kuzifuata nchi moja moja mpaka ipitishwe. Umoja wa Afrika ulishatoa sheria ya mfano kuhusu makosa ya kimataifa mwaka 2012. Kinachokosekana ni ufuatiliaji. Itifaki ya Maziwa Makuu ya mwaka 2006 kuhusu mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu inazitaka nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, kuzuia na kuadhibu makosa hayo, lakini hakuna kinachoipata nchi inayochelewa.

Kwani haitoshi kumshtaki kwa mauaji ya kawaida chini ya Kanuni ya Adhabu?

Wakati mwingine inatosha, na ni bora kuliko kumwachia. ICC yenyewe haing'ang'anii jina la kosa. Inaangalia kama mtu ni yule yule na matendo ni yale yale.

Hata hivyo kuna matatizo matatu. La kwanza ni mamlaka: mauaji yaliyotendwa nje ya nchi na mtu asiye raia yako nje ya uwezo wa mahakama zetu, hata kama mtuhumiwa anauza duka Mwanjelwa. La pili ni ukubwa wa jambo. Shtaka la mauaji linamkamata aliyeshika panga na linamwacha kwa urahisi kamanda aliyejua askari wake wanafanya nini akanyamaza. La tatu ni kwamba wenzako wanaweza kukataa kukukabidhi kesi. Mwaka 2006 Mahakama ya Kimbari ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilikataa kuipeleka Norway kesi ya Michel Bagaragaza, kwa sababu wakati huo Norway ilikuwa na kosa la mauaji tu, haikuwa na kosa la mauaji ya kimbari katika sheria zake. Norway haikukosa majaji wala fedha. Ilikosa kifungu.

Ombi la ushahidi linavukaje mpaka? Tupeni hatua.

Tuchukulie mwendesha mashtaka wa nchi jirani anahitaji maelezo ya shahidi anayeishi Vwawa, pamoja na rekodi za simu.

Kwanza anatafuta msingi wa kisheria. Ndani ya SADC zipo Itifaki ya Ushirikiano wa Kisheria katika Masuala ya Jinai na Itifaki ya Urejeshaji wa Watuhumiwa, zote zilizosainiwa Luanda mwezi Oktoba 2002. Kabla ya kuzitaja inabidi athibitishe kwamba nchi zote mbili zimeziridhia, maana kusaini pekee hakutoshi. Kwa upande wetu ipo Sheria ya Ushirikiano katika Masuala ya Jinai, Sura ya 254, ya mwaka 1991.

Pili anaandika ombi lenyewe. Liseme ni mamlaka gani inayoomba, kosa ni lipi, na kifungu chake kinukuliwe neno kwa neno pamoja na adhabu yake, muhtasari wa matukio wenye tarehe na mahali, jina la shahidi na anapopatikana, maswali anayotaka aulizwe, namna maelezo yanavyotakiwa kuchukuliwa, kwa kiapo au bila kiapo, mbele ya hakimu au ya polisi, muda, na kiwango cha usiri. Sehemu ya "namna" ndiyo inayosahaulika zaidi. Maelezo yaliyochukuliwa kituoni kwa utaratibu wetu yanaweza kukataliwa na mahakama ya kule kwa sababu tu hayakuapiwa mbele ya hakimu, na kazi yote ikaanza upya.

Tatu, ombi linapita kwenye mamlaka kuu. Kwa Tanzania ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kutoka hapo linashuka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka na kwa Jeshi la Polisi, kisha kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa. Majibu yanapanda kwa njia hiyo hiyo.

Nne ni vielelezo. Kila kinachokabidhiwa kiwe na fomu inayoonyesha nani alikichukua, saa ngapi, kikawekwa wapi, nani akakipokea. Ikikosekana sahihi moja katikati, wakili wa utetezi atasimama hapo hapo.

Mbona maombi hayo huchukua muda mrefu mno?

Sababu kubwa ni ombi lisiloeleweka. Anayeandika "tunaomba taarifa zote zinazomhusu fulani" atarudishiwa, kwa kuwa hakuna anayejua atafute nini na kwa uhusiano gani na kosa. Sababu nyingine ni kupitisha ombi polisi kwa polisi. Njia hiyo, kupitia Interpol au umoja wa wakuu wa polisi wa kusini mwa Afrika ulioanzishwa 1995, ni nzuri kwa kujua mtu yuko wapi, lakini kilichopatikana kwa njia hiyo mara nyingi ni taarifa za kiintelijensia na hazisimami mahakamani. Halafu kuna watu wanaohamishwa. Ofisa aliyekuwa na faili anapangiwa kituo kingine, na nchi iliyoomba inaendelea kumwandikia mtu ambaye hayupo.

Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019. Lori linakaguliwa mara moja, upande mmoja, na maofisa wa nchi zote mbili, kwa sababu nchi hizo zilitunga sheria ya kumruhusu ofisa wa kwao kufanya kazi upande wa pili. Maelezo ya shahidi hayana utaratibu kama huo. Karatasi ya kurasa 6 inazunguka Dodoma na Lusaka kabla ya kuvuka barabara ambayo mama muuza ndizi anaivuka mara kadhaa kwa siku. Hilo linaweza kurekebishwa bila kuunda taasisi mpya. Kila nchi iteue mwendesha mashtaka mmoja wa kuwasiliana naye kwa makosa haya, iandike cheo na si jina, na ofisi hizo ziruhusiwe kutumiana rasimu ya ombi kabla ya ombi rasmi. Mtandao wa ushirikiano wa kimahakama wa Maziwa Makuu ulioundwa 2016 umejengwa juu ya wazo hilo, na SADC ina kila sababu ya kuuiga.

Lugha ni kikwazo?

Ni kikwazo Msumbiji na Angola wanakotumia Kireno, na Kongo wanakotumia Kifaransa. Tafsiri ifanywe na mtu atakayekuwa tayari kuitwa mahakamani kuithibitisha. Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya SADC mwezi Agosti 2019, na tangu 2021 sheria imekifanya kuwa lugha ya mahakama zetu. Shahidi kutoka Katanga anayezungumza Kiswahili aandikwe kwa Kiswahili, maneno yake yenyewe. Kumpeleka kwenye Kifaransa, kisha Kiingereza, halafu kumrudisha kwenye Kiswahili kizimbani kunazalisha tofauti ndogo ndogo, naye ataulizwa kuhusu kila moja kana kwamba amesema uongo.

Mashahidi wanalindwaje?

Tanzania ina Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Kenya ilitangulia mwaka 2006. Shida ni kwamba katika kesi hizi ulinzi wa kweli mara nyingi ni kumhamishia mtu nchi nyingine, na nchi moja haiwezi kufanya hivyo peke yake.

Anayepanga ulinzi wa shahidi sharti aijue jamii. Kumtoa shahidi Karonga na kumleta Kyela hakumfichi: Wangonde na Wanyakyusa ni ndugu, wanazikana na kuoana kuvuka mto Songwe, na ndani ya wiki mbili watu wa soko la Kyela watajua huyo ni mtoto wa nani. Ni vivyo hivyo kwa Wanamwanga wa Tunduma na Nakonde. Jumuiya yenye nchi 16 kama SADC inaweza kumpeleka shahidi mbali na ukoo wake, alimradi pawe na makubaliano yaliyoandikwa kuhusu nani analipa pango, shule ya watoto na matibabu, na kwa muda gani.

Ulinzi ukikosekana kesi inakufa. Kesi za Kenya kule The Hague, kuhusu vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, zilimalizika bila hukumu: mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na ya William Ruto na Joshua Sang yakasitishwa Aprili 2016, huku mashahidi kurubuniwa na kujitoa likiwa suala kubwa katika mashauri hayo.

Si kila shahidi anahitaji kuhamishwa. Tangu 2021 tuna kanuni za kusikiliza mashauri kwa njia ya mtandao, na shahidi anaweza kutoa ushahidi kwa video. Pale chumbani awepo ofisa wa mahakama wa kumtambua na kuhakikisha hakuna anayemnong'oneza.

Mimi ni dereva wa lori. Nilipiga video ya tukio baya nje ya nchi. Nifanye nini nayo?

Usiifute, usiikate, usiiwekee maandishi wala muziki. Usiirushe kwenye kundi la WhatsApp. Video ikitumwa kwa njia ya kawaida inabanwa na kupoteza taarifa zake za ndani, kama saa ya kurekodiwa na kifaa kilichotumika, na hizo ndizo mahakama itakazotaka. Hifadhi simu yenyewe. Ukibadilisha simu, ile ya zamani usiiuze. Andika kwenye karatasi siku hiyo hiyo ulikuwa wapi, umbali gani, uliona nini kwa macho yako na nini uliambiwa na wengine. Weka tarehe na sahihi.

Kisha nenda kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa au Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, ukiongozana na wakili au msaidizi wa kisheria kama una hofu. Mtu yeyote anaweza pia kuiandikia ofisi ya mwendesha mashtaka wa ICC. Ukishaeleza mara moja kwa ukamilifu, usikubali kila mwanahabari na kila asasi wakuhoji upya. Maelezo matano ya mtu mmoja hayafanani, na mtetezi atayaomba yote.

Nchi ikisema tu "tunalishughulikia", ICC inakaa pembeni?

Hapana. Kenya ilijaribu kuzizuia kesi zake kwa hoja hiyo mwaka 2011 na ikakataliwa, rufaa ikakataliwa pia, kwa sababu haikuonyesha hatua halisi za uchunguzi dhidi ya watu wale wale. Ahadi ya mageuzi si upelelezi.

Kwa nini tusiwe na mahakama ya jinai ya Afrika Mashariki au ya Afrika nzima?

Wazo limejaribiwa. Aprili 2012 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kutaka kesi za Kenya zihamishiwe Mahakama ya Afrika Mashariki, na wakuu wa nchi wakaelekeza suala la kuiongezea mamlaka ya uhalifu dhidi ya binadamu lifanyiwe kazi. Mahakama hiyo bado haina mamlaka ya jinai. Juni 2014 Umoja wa Afrika ukapitisha Itifaki ya Malabo yenye makosa 14, inayohitaji nchi 15 kuiridhia, na haijaanza kutumika. Kifungu chake cha 46A bis kinawakinga wakuu wa nchi walioko madarakani na maofisa waandamizi, jambo linalokwenda kinyume na kifungu cha 27 cha Mkataba wa Roma, kisichotambua kinga ya cheo.

Msimamo wetu ni huu: fedha na nguvu za kisiasa zinazowekwa kwenye mahakama mpya ya kanda zingeleta hukumu nyingi zaidi zikiwekwa kwenye upelelezi, mashahidi na sheria za nchi. Tena mahakama ya kanda huishi kwa hisani ya viongozi. Mahakama ya SADC iliyokuwa Windhoek ilisimamishwa 2010 baada ya kuikera Zimbabwe kwenye kesi za ardhi.

Upo mfano wa kanda kuisaidia mahakama ya nchi mpaka hukumu ikapatikana?

Upo, na kila mwanafunzi wa sheria ausome: kesi ya Hissène Habré. Alitawala Chad kuanzia 1982 hadi 1990, akakimbilia Senegal. Wahanga walimfungulia shauri Dakar mwaka 2000, mahakama za Senegal zikasema hazina mamlaka juu ya mateso yaliyotendwa nje. Ni tatizo lile lile tulilolieleza la Mbeya.

Julai 2006 Umoja wa Afrika uliitaka Senegal imhukumu "kwa niaba ya Afrika". Senegal ikarekebisha sheria zake mwaka uliofuata. Ndipo Novemba 2010 Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ikasema kumhukumu kwa sheria mpya kwa matendo ya zamani kunavunja kanuni ya kutorudi nyuma, na kwamba kunahitajika chombo cha muda chenye sura ya kimataifa. Wengi walidhani kesi imeishia hapo. Julai 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika shauri lililofunguliwa na Ubelgiji, ikaiambia Senegal imshtaki bila kuchelewa au imkabidhi kwa nchi nyingine. Mwezi uliofuata Umoja wa Afrika na Senegal wakasaini makubaliano ya kuunda Vyumba Maalumu vya Afrika ndani ya mahakama za Senegal zenyewe. Rais wa chumba cha kesi alitoka nje ya Senegal, nchini Burkina Faso, naye akaketi na majaji wa Senegal. Chad na Senegal wakasaini makubaliano ya ushirikiano wa kimahakama. Majaji wachunguzi wakasafiri Chad mara 4 na kuwasikiliza wahanga wapatao 2,500. Hukumu ya kifungo cha maisha ilitoka tarehe 30 Mei 2016, rufaa ikaamuliwa Aprili 2017.

Bajeti iliyochangiwa mwanzoni ilikuwa takriban yuro milioni 8.6. ICC kwa mwaka mmoja tu wa 2024 ilikuwa na bajeti ya zaidi ya yuro milioni 180, ingawa ni kweli inabeba mashauri mengi kwa pamoja.

Kilichoharibika ni fidia. Mahakama iliamuru wahanga walipwe, mfuko ukapaswa kuundwa chini ya Umoja wa Afrika, na Habré akafariki Agosti 2021 wahanga wakiwa bado hawajalipwa. Jumuiya inayopanga kusaidia mahakama ya nchi ipange mfuko wa fidia siku ile ile inayopanga mishahara ya majaji, na mali za mtuhumiwa zizuiwe mapema, kabla hajazigawa.

Na Uganda?

Uganda ina kitengo cha makosa ya kimataifa ndani ya Mahakama Kuu. Thomas Kwoyelo, kamanda wa kundi la waasi la LRA, alikamatwa 2009, akatiwa hatiani Agosti 2024 kwa makosa 44, akafungwa miaka 40. Miaka 15 kati ya kukamatwa na hukumu! Sehemu kubwa ya kuchelewa ilitokana na ubishi kama sheria ya msamaha ilimhusu, mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 2015 kwamba anaweza kushtakiwa. Nchi inayotoa msamaha kwa waasi iandike tangu mwanzo kwamba makosa haya hayamo.

Ulaya wanafanyaje?

Tangu 2002 Umoja wa Ulaya una mtandao wa waendesha mashtaka wa mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu na uhalifu wa kivita. Sekretarieti yake iko Eurojust, wakala wa Umoja wa Ulaya wa ushirikiano katika masuala ya jinai, The Hague, na hukutana mara mbili kwa mwaka. Haimhukumu mtu. Inawakutanisha watu wanaofuatilia mtuhumiwa mmoja kutoka nchi mbalimbali ili wasimhoji shahidi mmoja mara sita. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa ili Eurojust iweze kuhifadhi ushahidi. Ujerumani na Ufaransa ziliunda timu ya pamoja ya uchunguzi kuhusu Syria, na mahakama ya Koblenz ikatoa kifungo cha maisha Januari 2022 kwa ofisa wa zamani wa idara ya ujasusi ya Syria. Timu ya namna hiyo ni makubaliano tu yaliyoandikwa: nani kiongozi, sheria ya nchi gani inafuatwa wapi, ushahidi unatumikaje. Zambia na Tanzania hazihitaji Brussels ili ziandike makubaliano kama hayo.

Adhabu ya kifo inaathirije?

Inaathiri sana. Nchi nyingi hazimtoi mtuhumiwa, na baadhi hazitoi hata ushahidi, kwa nchi inayoweza kumnyonga. Rwanda iliifuta adhabu hiyo mwaka 2007, na ndipo njia ilipofunguka kwa kesi kuhamishwa kutoka Arusha. Jean Uwinkindi alipelekwa Kigali Aprili 2012. Kwetu adhabu ya kunyongwa kwa kosa la mauaji bado imo vitabuni. Mwendesha mashtaka anayemhitaji mtu kutoka Ulaya aandae mapema hakikisho la maandishi la Serikali, na sheria yetu ya makosa haya, itakapotungwa, iweke kifungo cha maisha kuwa adhabu ya juu kabisa.

Wanajeshi wa jumuiya wana wajibu gani?

SADC ilikuwa na kikosi Cabo Delgado, Msumbiji, kuanzia Julai 2021 hadi Julai 2024, na Tanzania ilikuwa na askari wake humo. Askari mara nyingi ndio wa kwanza kufika kwenye kijiji kilichochomwa. Hawatakiwi kugeuka wapelelezi. Wanatakiwa kupiga picha kabla ya kuzika, kuandika majira ya GPS, kutochanganya silaha zilizokamatwa maeneo tofauti, na kukabidhi vyote kwa fomu. Hili liandikwe kwenye hati ya kutuma kikosi, na mwanasheria mmoja wa kijeshi apewe jukumu hilo kwa cheo. Pia hati iseme askari wa kikosi akitenda kosa nani anamshtaki, vinginevyo kila nchi itamwonyeshea mwenzake kidole.

Jumuiya inaweza kuwa kikwazo?

Inaweza, na imekuwa. Oktoba 2011 Malawi ilimkaribisha Omar al-Bashir, Rais wa Sudan wakati huo, kwenye mkutano wa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, Lilongwe licha ya hati ya kukamatwa ya ICC, na Desemba mahakama ikasema Malawi imevunja wajibu wake. Mwaka uliofuata, chini ya Rais Joyce Banda, Malawi ilikataa kumpokea, na mkutano wa Umoja wa Afrika uliopangwa kufanyika huko ukahamishiwa Addis Ababa. Malawi ilipoteza mkutano ikatimiza mkataba. Jumuiya zinaweza kuwaondolea wenyeji mzigo huo kwa kuweka kanuni kwamba mwenye hati ya kukamatwa anawakilishwa na mtu mwingine.

Mahakama za Arusha zinachanganya. Ipi ni ipi?

Mahakama ya Afrika Mashariki inaangalia Mkataba wa Jumuiya. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inahukumu nchi, si watu binafsi. Iliyokuwa Mahakama ya Kimbari ya Rwanda ilifungwa 2015, na shughuli zilizobaki zikachukuliwa na tawi la Arusha la chombo cha Umoja wa Mataifa chenye ofisi na hifadhi yake ya nyaraka Lakilaki. Hiyo ya tatu tu ndiyo ya jinai.

Mauaji ya wakati wa Majimaji yanaweza kufunguliwa kesi ya jinai?

Hapana. Watendaji wamekufa, na ICC inaanzia 1 Julai 2002. Kinachobaki ni madai kati ya nchi na nchi, urejeshaji wa mabaki na vitu, na kukiri. Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba radhi Songea tarehe 1 Novemba 2023.

Wakili wa mkoani aanzie wapi akipata mteja wa namna hii?

Aanze na maswali manne kwa mpangilio huu: tendo lilifanyika wapi, lini, nani alilifanya, na mtendaji yuko wapi sasa. Mahali na tarehe vitaonyesha kama ICC ina mamlaka: Tanzania, Malawi, Zambia, Uganda, Kenya na Kongo ni wanachama, Rwanda, Msumbiji na Sudan Kusini si wanachama, Burundi ilijitoa Oktoba 2017. Alipo mtendaji ndipo patakapoonyesha ni mahakama ya nchi gani inayoweza kumfikia.

Kisha aangalie kama nchi hiyo ina sheria ya kushtaki makosa ya nje. Afrika Kusini inayo, na Oktoba 2014 Mahakama yake ya Katiba iliamua kwamba polisi wa nchi hiyo walikuwa na wajibu wa kuchunguza madai ya mateso yaliyotendwa Zimbabwe. Ikiwa mtuhumiwa anapita Johannesburg kibiashara, hapo pana mlango. Baada ya hapo ndipo aandike barua kwa mwendesha mashtaka wa nchi husika, nakala kwa Mkurugenzi wa Mashtaka wetu, akiambatanisha muhtasari wa kurasa chache, orodha ya mashahidi kwa namba badala ya majina, na orodha ya vielelezo bila vielelezo vyenyewe. Majina na asili za vielelezo vibaki kwenye kabati lenye kufuli mpaka mpelelezi mwenye mamlaka ayaombe kwa maandishi, na siku ya kukabidhi mteja awepo na asaini.